Amplifaya Ipimwe Stejini

Anayetaka muziki kwenye matatu ya Voi kwenda Wundanyi hutazama kwanza namba iliyoandikwa juu ya amplifaya. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Za kufanyia hesabu ni wati za kudumu. Hata hizo lakini zina sharti: zinapatikana umeme ukiwepo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kulinganisha amplifaya na spika huanzia kwenye altaneta, na kipimo cha haki ni pale stejini Voi, gari likingoja abiria na injini ikinguruma polepole. Kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate, gia ndogo huizungusha injini kwa kasi na umeme huwa tele, kwa hiyo mlima hauonyeshi kasoro.

Tuchukue mfumo wa kawaida: sabufa moja yenye koili mbili za omu 4, amplifaya ya wati 500 kwa omu 2, na nyingine ya wati 60 kwa kila moja ya spika nne za milangoni. Koili zile zikiungwa sambamba zinatoa omu 2, sawa na uwezo wa amplifaya. Zikiungwa kwa mfuatano zinatoa omu 8 na nguvu nyingi inabaki bila kutumika. Ukiongeza sabufa ya pili ya namna hiyo na kuunganisha koili zote sambamba, ukinzani unashuka hadi omu 1, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo hujizima au huungua. Sasa tuhesabu umeme. Amplifaya ya besi yenye ufanisi wa asilimia 80 inahitaji ampea 45 hivi kwa volti 13.8, ya milangoni, yenye ufanisi wa asilimia 55, inahitaji 32. Jumla ni 77, kabla ya taa na feni. Altaneta ya ampea 90 huenda isifikishe hata nusu ya hizo injini ikiwa haijakanyagwa mafuta.

Mtu atasema muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote. Ni kweli, na kwa mazungumzo ya redio hesabu hii ni kali mno. Ila besi ya rege na dansihol ni nzito na ndefu, na betri inaposhuka hadi volti 11.5, amplifaya nyingi hupoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Makanga akisikia besi imelegea, anaongeza sauti. Mawimbi yanagonga dari na kukatwa vichwa, na wimbi lililokatwa kabisa hubeba wastani wa nguvu unaokaribia mara mbili ya ule wa wimbi safi. Hapo ndipo amplifaya ndogo inapounguza spika kubwa. Joto la nyika nalo, ndani ya boksi lililofungwa chini ya kiti, halisaidii: koili ya shaba ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 39, sauti inafifia, na kitufe kinazungushwa tena.

Kwa hiyo geini, yaani kiwango cha amplifaya kukuza mawimbi yanayoingia, isitumiwe kama kitufe cha sauti. Wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6 kwenye nyaya za spika, lakini kwa betri iliyochoka dari yenyewe ni volti 26 hivi. Nampendekezea fundi aweke geini hadi volti 26, kwa mita ya umeme na mlio wa hezi 50, spika zikiwa zimechomolewa. Mwenye gari atalalamika kwamba alilipia wati 500 na sasa anapewa 340 hivi. Tofauti hiyo ni desibeli 1.7 hivi, ambayo sikio huitambua kwa shida. Betri ya pili haimrudishii wati hizo, kwa sababu betri haiwezi kuhifadhi umeme ambao altaneta haikuuzalisha. Akitaka kutumia fedha, anunue waya mnene wa shaba na fyuzi karibu na betri, kisha fundi akwangue rangi ya bodi hadi chuma king'ae kabla ya kufunga waya wa athi.