Kompyuta Nzito: Kabla ya Kupiga Window, Jua Nani Anasubiriwa

Kompyuta ikiwa nzito, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakuambia ipigwe window. Inafutwa, inawekewa Windows upya, na kwa wiki mbili tatu inakwenda vizuri. Nafuu hiyo si ya uongo, maana mfumo mpya hauna takataka za programu zilizojazana kwa miaka. Ila kile kilichoifanya iwe nzito kimebaki palepale, chini ya kifuniko, kinangoja mrundiko mwingine.

Laptopu ninayoichambua hapa ilikuwa ya steshenari moja ya Mbagala, Dar es Salaam, duka ambalo ndilo ofisi ya watu wasio na ofisi: barua za kazi zinachapwa hapo, fomu za chuo zinajazwa hapo, vitambulisho vinatolewa kopi hapo. Ni mtumba wa ofisini wa mwaka 2016 hivi, wenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500 na Windows 10. Ukibofya Word, mteja ana muda wa kutoka nje, kununua maji na kurudi.

"Kaka, hii imeshapigwa window mara mbili," aliniambia mwenye duka. "Fundi wa mwisho kasema prosesa imechoka, nitafute mashine nyingine."

Prosesa haichakai kama tairi. Ile iliyokuwa na mwendo wa GHz 2.3 ilipotoka kiwandani ina uwezo uleule leo, isipokuwa kitu kingine kiizuie. Kwa hiyo nilimwomba tusibonyeze chochote kingine ila Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo ndipo Task Manager hufunguka, na ukurasa wake wa Performance ni kipimo cha bure kilichomo ndani ya kila Windows.

Ukurasa ule ulisema hivi. Prosesa ilikuwa ikicheza kati ya asilimia 10 na 20, yaani karibu ilikuwa imekaa bure. RAM ilikuwa imejaa karibu yote. Diski ilikuwa asilimia 100, mstari wake umeganda darini. Chini yake kuna namba ambayo wengi huiruka, kasi ya kusoma: haikufika MB 2 kwa sekunde. Diski imezidiwa na kazi kabisa, na wakati huohuo haileti kitu. Mkanganyiko huo ndio ufunguo wa kesi nzima.

Diski ngumu ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, ambazo ni mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 na kidogo. Kichwa cha kusomea kikitaka faili, kwanza kihame hadi kwenye mstari wake, kama milisekunde 10 hivi, kisha kingoje sahani ilete sehemu inayotakiwa, wastani wa nusu mzunguko. Jumla ni milisekunde 16 hivi kwa ombi moja, maombi 60 kwa sekunde. Sasa Windows inapoamka haiombi faili moja kubwa, inaomba vipande vidogovidogo maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika kila mahali, vingi vikiwa vya KB 4 tu. Zidisha 60 kwa 4, utapata KB 240 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ukiipa filamu moja ndefu kunakili, itakwenda MB 100 kwa sekunde bila taabu, kwa sababu kichwa hakihangaiki.

Ugonjwa huu ni wa kuzaliwa. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, ile ya IBM ya mwaka 1956 iliyokuwa na ukubwa wa kabati, ilichukua milisekunde 600 hivi kufikia ilichotafuta. Kutoka 600 hadi 16 ni nafuu isiyofika hata mara 40 katika zaidi ya nusu karne, wakati prosesa zimeongeza kasi kwa mara zisizohesabika kirahisi. Prosesa zimekimbia, sahani zimebaki nyuma zinazunguka.

Diski ya aina ya SSD haina sahani wala kichwa. Ombi moja linajibiwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Wauzaji hupenda kuonyesha ile namba iliyoandikwa kwenye boksi, MB 500 na ushei kwa sekunde, ambayo ni kama mara tano ya diski ya kuzunguka. Si namba hiyo inayobadilisha maisha ya steshenari. Ni ile ya vipande vidogo, ambako tofauti inapita mara 100, na ndiyo maana hata SSD ya bei ya chini huifanya mashine ionekane mpya.

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi aliyeshiriki kubuni kompyuta za IBM System/360, alitoa hoja ambayo bado inawaokolea watu fedha. Kama kazi inachukua sekunde 10, na 8 kati ya hizo ni za kusubiri diski, basi hata ukinunua prosesa isiyochukua muda wowote bado utakaa sekunde 8. Ukiharakisha diski mara 100, sekunde zinabaki 2 na chembe. Ushauri wa kubadili mashine kwa sababu ya prosesa ungekuwa umelenga zile sekunde 2.

RAM nayo ilikuwa na mkono wake. Windows 10 pekee huchukua karibu GB 2, kivinjari chenye kurasa kadhaa kinameza nyingine, Word na programu ya skana zinagombania makombo. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye faili liitwalo pagefile, na faili hilo liko kwenye diski ileile iliyozidiwa. Diski ikawa inabeba mzigo wake na wa jirani.

Tulianza na yasiyo na gharama. Kwenye Task Manager kuna ukurasa wa Startup unaoorodhesha programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Humo tulikuta wasaidizi wa printa mbili ambazo hazipo tena dukani, programu za kutuma ujumbe, na antivairasi mbili za kampuni tofauti, kila moja ikikagua kila faili ambalo mwenzake amelikagua. Steshenari haiwezi kukaa bila kinga, maana flashi za wateja ndizo zinazoleta vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Lakini kinga moja inatosha, na ile inayokuja na Windows inafaa. Mbili zile tuliziondoa.

Kulikuwa na jambo jingine la kuchekesha. Mwenye duka aliapa kwamba anaizima laptopu kila jioni, na Task Manager ikasema imekuwa macho kwa siku kadhaa mfululizo. Wote walisema kweli. Tangu Windows 8, kitufe cha Shut down hakizimi kila kitu: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi kama kilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Kinachoanza upya kweli ni Restart. Ibonyeze mara moja kwa wiki. Haina gharama, na kuna mashine ambazo hiyo pekee ilikuwa dawa yake.

Baada ya hayo mashine ilipata ahueni ya kuonekana, lakini diski iliendelea kugonga 100 kila kazi zilipochanganyika. Hapo ndipo palipohitaji fedha.

Kabla ya kununua, nilitaka kujua afya ya diski ya zamani. Diski hujiwekea kumbukumbu za hitilafu zake, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzisoma. Ilionyesha rangi ya njano: kulikuwa na sekta ambazo diski ilishindwa kuzisoma ikaziweka kiporo. Maana yake ni kubwa kuliko uzito. Diski ikishindwa kusoma sekta hujaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa, na kila jaribio ni muda wa mtumiaji. Mashine nzito inaweza kuwa mashine inayokufa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kunakili mafaili ya duka kwenye diski ya nje, kisha ndipo tufikirie kasi. Anayekimbilia kufomati kabla ya kuangalia hapa atajikuta anaomba radhi kwa wateja.

SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA iliingia palepale ilipotoka ya zamani. Na ndiyo, tuliipiga window, safari hii kwa sababu. Diski mbovu haifai kuhamishwa nzimanzima kwenda kwenye nyingine, na ile mpya ilikuwa ndogo. Kwa kuwa Windows 10 ilikuwa na leseni ya kidijitali iliyofungwa na ubao mkuu wa laptopu, ilipoona intaneti ilijitambua yenyewe.

Kwenye RAM, angalia vizuri. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zilitoka kipindi cha mpito, hivyo kuna laptopu zinazotumia DDR3L na nyingine DDR4. Volti zake ni tofauti, 1.35 na 1.2, na pengo la kadi halikai sehemu moja, kwa hiyo isiyo yake haitaingia. Usilazimishe. Toa iliyopo, soma lebo, uende nayo dukani. Tuliongeza ya GB 4 kwenye nafasi iliyokuwa tupu, zikawa GB 8, na kadi zikiwa mbili husomwa kwa pamoja, faida ambayo moja peke yake haina.

Asubuhi yake laptopu ilikuwa nyingine. Mchana, uzito ukarudi! Task Manager safari hii ilisema kingine: diski imetulia, RAM ina nafasi, prosesa iko juu, lakini kasi yake imeshuka hadi GHz 1 na kidogo. Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza yenyewe isiungue. Tulipofungua kifuniko cha chini, kati ya feni na mapezi ya kupoza kulikuwa na vumbi lililoshikana na nyuzi za karatasi mpaka likawa pande moja, hewa haipiti. Liondolewe kwa brashi kwanza, ndipo upulize, na ushike mabawa ya feni kwa kidole, kwani feni ikizungushwa ovyo na blowa huharibika. Ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka, ikapakwa mpya. Laptopu nayo ikaondolewa juu ya kitambaa cha meza, kilichokuwa kimeziba matundu yake. Kuna mashine nyingine hushusha kasi kwa sababu isiyo ya joto: zimechomekewa chaja zisiyoitambua. Kama mwendo unabadilika ukichomoa chaja, anzia hapo.

Programu zinazoahidi kusafisha na kuharakisha sikuzigusa. Nyingi ni mzigo mmoja zaidi kwenye Startup, na zile zinazosafisha rejista ya Windows zinaweza kuvunja kitu kisichokuwa kibovu. Wala usiifanyie SSD ule upangaji wa vipande uliofaa diski za kuzunguka. Haina kichwa cha kupunguziwa safari.

Mipaka ipo. Tovuti ya maombi ya chuo siku ya mwisho ni nzito hata kwa kompyuta ya leo. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno, kwa hiyo mashine hii haimo. Mwenye duka aliandikisha masasisho ya usalama ya nyongeza yanayoishia Oktoba 2026. Mfumo wa Linux Mint ungekwenda vizuri humo, na mwanafunzi ningempa bila kusita. Kwa steshenari ni vigumu zaidi: mteja akileta wasifu wake wa Word, LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word humo, inaweza kuupangua mistari mbele yake.

Ikabaki diski ya zamani. Mwenye duka alitaka tuiweke kwenye kasha la USB iwe ya akiba, nikamkatalia kwa sababu ya zile sekta. Kuiuza pia haikufaa, kwani ina skani za vitambulisho na vyeti vya watu wa mtaa mzima, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iliharibiwa. Ukifanya hivyo vaa miwani na uifunike kwa kitambaa kizito kabla ya nyundo, kwa sababu sahani za diski nyingi za inchi 2.5 ni za kioo na huruka vipande.