Gesuda Nyepesi: Namna ya Kuijua Pombe Nzuri ya Asali

Chini ya Mlima Hanang, Wadatoga hutengeneza pombe ya asali waiitayo gesuda. Ni kinywaji cha wazee na cha shughuli kubwa, ikiwemo bung'eda, mazishi ya heshima ya mzee. Kinastahili kuonjwa kwa makini kama wengine wanavyoonja mvinyo wa zabibu, hasa ile nyepesi ya nyumbani, ya kibuyu kimoja au viwili. Katika pombe nyepesi kosa halina pa kujificha.

Usianze na kibuyu, anza na asali. Omba uoneshwe iliyobaki kwenye ndoo. Sega bivu nyuki wamelifunika kwa nta, na asali yake kwa kawaida ina maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo haichachi yenyewe. Iliyorinwa mbichi ina vipovu juu na harufu ya uchachu tangu ndooni. Nusa na moshi pia: mrinaji akizidisha moshi, au akikamua masega pamoja na majana, ladha hiyo haitoki tena. Lakini asali usiikatae kwa sababu imeganda. Kuganda ni tabia yake, hasa kwenye baridi ya Mbulu. Si dalili ya kutiwa sukari. Wafugaji wa nyuki wamenyimwa bei yao mara nyingi mno kwa dhana hiyo, na inaniuma.

Kisha uliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Vuguvugu yanatosha, asali ikichemshwa, harufu ya maua huondoka na mvuke. Asali ina chakula kidogo cha hamira, hivyo huchacha taratibu. Ili kuusaidia uchachu, Wadatoga hutia mizizi, kama Wakikuyu wanavyotumia tunda la mwegea kwenye muratina, pombe yao ya asali. Mizizi ikizidi, ulimi hukauka na uchungu hung'ang'ania kooni. Chombo nacho kikae karibu na moto, maana usiku wa baridi uchachu husimama na pombe hubaki tamu kama juisi.

Katika nyumba moja nje ya Katesh, mzee alinimiminia kidogo kwenye kikombe cheupe cha bati. Nilipotaka kukiinua akanizuia: "Ngoja povu lishuke, mwanangu." Likashuka. Rangi ilikuwa ya majani makavu, na viputo vidogo vikipanda ukingoni. Mdomoni palikuwa na uchachu kidogo na utamu wa kutafuta. Nilipomeza, harufu ya asali ikarudi kupitia puani, ikakaa.

Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta: utamu umeliwa karibu wote na hamira, asali bado ipo. Iliyozidishiwa maji huishia kwenye ulimi, ukimeza hakuna kitu. Ya sukari ni kali mbele na tupu nyuma. Yenye ukungu na utamu mzito bado haijaiva, ipe siku. Inayochoma pua kama siki imeingiwa na hewa, na hiyo hairudi.

Ukimaliza, usikirudishe kikombe haraka. Kiache kikauke kidogo mkononi, kisha ukinuse. Cha mzee yule kilinukia nta na maua hadi jua lilipozama nyuma ya mlima.