Waendao Nairobi Katika Hadithi

Kuacha kwao na kwenda kuanza maisha upya ugenini si jambo la leo. Majahazi yaliwachukua vijana wa Lamu na Pemba kabla gari la moshi halijafika bara, na misafara iliwatoa Wanyamwezi nyumbani kwao mpaka pwani. Kila mwendo wa namna hiyo ulizaa hadithi zake. Katika Kenya mwendo mkubwa wa miaka mingi ni ule wa kutoka shamba kwenda Nairobi, nao pia umezaa hadithi, nyingine katika vitabu na nyingine katika filamu.

Shabaha ya insha hii ni kuzipima nne kati ya hizo. Kipimo nilichochagua ni kimoja: je, mwandishi ametwambia kweli juu ya kamba inayomfunga msafiri na watu wa kwao? Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia aweza kwenda nyuma ya chombo, aweza kwenda mbele, lakini mwisho atashuka tumboni mwake. Hadithi ya msafiri inayomsahau ngama ni nusu ya hadithi, hata ikipendeza namna gani.

Yafaa tuchague na mahali pa kupimia. Mimi nachagua Kibera, kwa sababu hapana mtaa wa Nairobi uliosemwa sana na kujulikana kidogo kama huo. Kwa miaka mingi wageni waliandika kwamba watu milioni moja na zaidi wakaa Kibera. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipofanywa, walipatikana 170,070. Aliyezidisha watu kwa kiasi hicho hakosi kuzidisha na mambo mengine. Wa kwanza kukaa pale walikuwa Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza, pamoja na jamaa zao. Walianza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi ile ilitangazwa kuwa ya jeshi. Waliiita Kibra, maana yake msitu. Baada yao wakaja watu wa kila upande wa nchi, wakapanga vyumba vya udongo na mabati kando ya reli. Sehemu za Kibera wenyeji wake huziita vijiji, nazo zina majina kama Kisumu Ndogo, Soweto, Laini Saba na Lindi. Huko Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, watu hutaja sehemu kwa nambari za basi, 46 na 56. Jina kama Kisumu Ndogo lakumbuka mtu alikotoka. Jina la basi laonyesha anakokwenda kila asubuhi. Mkaaji wa mitaa hii huishi kati ya majina hayo mawili.

Sasa tuanze na kufika. Katika filamu ya Nairobi Half Life, iliyotolewa mwaka 2012 na kuongozwa na David Gitonga, kijana aitwaye Mwas aacha kijiji chake ili awe mchezaji wa michezo ya kuigiza. Siku ile ile ya kufika jijini aporwa mizigo yake, kisha ajikuta mahabusu. Tangu hapo ana maisha mawili: jukwaani ajifunza mchezo, na mitaani aiba vipuri vya magari pamoja na kundi la wezi. Filamu hii ina nguvu. Lugha yake ni ya mitaa yenyewe, na kile kicheko cha Mwas katikati ya hofu chaaminika kabisa. Lakini twaona humo desturi ya zamani ya watunzi: kijana hushuka garini peke yake, na jiji humrukia kama simba.

Desturi hiyo yapendeza machoni, walakini si njia ya wengi. Wengi wa waendao Kibera au Kawangware huingia kwa mlango wa jamaa: mjomba, shangazi, binamu, au mtu wa kijiji kimoja aliyetangulia. Chumba ni cha futi 10 kwa 10. Pazia latenga kitanda na jiko. Mgeni hulala sakafuni upande wa jiko. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la huko ni kibarua cha mjengo, au mkokoteni wa maji, au kufua nguo katika nyumba za wenye nafasi. Mwenyeji ndiye anayemtafutia mgeni jembe hilo, na mgeni akipata chumba chake, naye humpokea mwingine. Mnyororo huu wa kupokeana ndio uliojenga mitaa. Una ukarimu, una na uchungu: mwenyeji huhesabu unga, mgeni huhesabu siku. Mtunzi akitupa kijana asiye na mlango wa kubisha, atuondolea jambo gumu kuliko wizi, yaani deni la wema.

Meja Mwangi aliliendea jambo hili kwa njia nyingine katika riwaya yake Kill Me Quick, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1973. Humo vijana wawili, Meja na Maina, wamesoma shule na wana vyeti vyao. Wafika mjini wakitumaini kazi ya heshima, wala kazi haipo. Wala makombo ya mapipa ya taka, wafanya kibarua katika shamba la tajiri, watengana, mwisho wa njia ni jela, na Maina akabiliwa na shtaka la uuaji. Kwa kipimo chetu riwaya hii nayo ina upungufu, maana vijana hawa hawana jamaa hata mmoja katika mji mzima. Msomaji aweza kuuliza, hivi kweli hapana mtu wa kwao?

Lakini kuna mahali ambapo mwandishi alishika ukweli kwa mkono wa chuma. Meja asafiri kurudi nyumbani. Karibu na kwao akutana na dada yake mdogo, naye, kwa kutokuwa na kitu cha kuonyesha, ageuza njia asiwaone wazazi wake. Mwanafunzi asiipite sehemu hii haraka ili awahi habari za jela. Hapana aliyempiga Meja hapo, wala hapana aliyemfukuza. Kilichomfukuza ni mikono yake mitupu. Wazazi walitoa karo wakitarajia mavuno, naye ajiona kama shamba lililokataa kuotesha. Mapipa ya taka yaonyesha ufukara wa mji tu. Kugeuka huku kwaonyesha kwa nini maskini wa mji hawezi kuuacha. Watu husema, kama maisha ya Kibera ni magumu, kwa nini wasirudi makwao? Riwaya hii ilijibu swali hilo zamani: nauli ya kurudi hulipwa kwa heshima, wala haitoshi kuwa na fedha ya basi.

Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, mtu aweza kuwatumia wazazi shilingi chache kwa simu bila kuonana nao uso kwa uso. Fedheha imepata mlango wa nyuma. Lakini simu ipelekayo fedha ndiyo hiyo hiyo iletayo habari za karo, za dawa na za matanga. Meja wa leo asingeweza kupotea kimya. Kwao kungemwita kila jioni mfukoni mwake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, mwandishi huyo huyo alitoa Going Down River Road, na hapa naona kwamba mkono wake umekomaa. Ben na Ocholla ni vibarua wa mjengo. Wajenga jumba refu liitwalo Development House, nao wenyewe hawana pa kukaa. Ben aliachiwa mtoto na mwanamke aliyekuwa akiishi naye, kisha akaenda kujibanza katika kibanda cha Ocholla. Askari wa baraza la jiji wachoma vibanda. Wenye vibanda wajenga tena. Halafu siku moja, bila Ocholla kujitayarisha, wake zake wawili wafika kutoka shamba pamoja na watoto wao.

Tazama alivyofanya mwandishi. Katika riwaya ya kwanza kijana alikwenda kwao akashindwa kuingia. Katika hii ya pili, kwao kumepanda gari kukamfuata mwanamume mpaka kibandani, kukaketi, kukataka chakula. Kuna kicheko kingi humo, lakini ni kicheko chenye hesabu. Ocholla alidhani ameyagawa maisha yake mawili, shamba huku na mji huku, na mpaka kati yake. Mpaka huo haukuwapo ila moyoni mwake. Hapa Kibera yajitambua, ijapokuwa riwaya haikuwekwa Kibera.

Kasoro yake ni hii, kwamba wake hao twawaona kwa macho ya Ocholla tu. Wafika kama mzigo na kero. Ni nini kiliwatoa shamba? Ni njaa, au ni ukimya wa mume? Nani aliwapa nauli? Waliaga vipi? Nao pia waliacha kwao wakaja kuanza upya, tena wakiwa na watoto, na safari yao ilitaka ushujaa kuliko ile ya mwanamume aliyetangulia peke yake. Mwandishi aliyeona mengi hakuona hili, na msomaji mwema ana haki ya kumdai.

Neno la kamba ya kwao halikubaki vitabuni. Desemba 1986 alifariki S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Shauri lilichukua miezi, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga. Nchi nzima ilijifunza katika shauri hilo kwamba kuna nyumba na kuna kwao, na kwamba mtu aweza kuwa na nyumba nzuri mjini kwa miaka mingi huku watu wake wakishikilia kwamba kwao ni kule kule. Ikiwa hivyo kwa wakili, mpangaji wa futi 10 kwa 10 atasema nini?

Lakini kipimo chetu hakijakamilika. Wahenga wa tezi na omo walidhani chombo kina ngama moja. Je, aliyezaliwa Kibera? Filamu ya Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora, ilichezwa Kibera kwenyewe. Mvulana aitwaye Abila amkuta baba yake amelegea, akisema kwamba roho yake imeibwa. Abila amwendea Nyawawa, mwanamke wa mizimu, naye ampa mitihani saba aishinde ili kuikomboa roho ya baba. Rafiki yake Shiku, msichana wa kabila jingine, aambatana naye.

Nyawawa ni mizimu ya Wajaluo wa pande za Ziwa Victoria; huko ipitapo, watu hugonga sufuria na mabati ili kuifukuza. Basi mizimu nayo ilihama. Waliokuja Kibera hawakubeba godoro na sufuria peke yake; walibeba na vitisho vya kwao, navyo vikapata mlango kati ya mabati. Hilo lingetosha kuipa filamu hii sifa. Lakini iliongeza jambo ambalo zile nyingine hazina: shujaa wake hakufika kutoka popote. Abila haogopi jiji wala halishangai. Vichochoro avijua kwa miguu. Aliyepoteza roho ni baba, na aitafutaye ni mtoto, kwa sababu mtoto ndiye anayejua njia. Ngama yake imo Kibera.

Wanubi walisema neno hilo kwa vizazi kadhaa kabla ya filamu yoyote. Kwa mpangaji kutoka shamba Kibera ni kituo. Kwa Mnubi ni mahali palipo na makaburi ya babu zake. Mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288 za ardhi hiyo, sehemu ndogo ya ile ya mwaka 1918. Hivyo ugeni wa mmoja ni kwao mwingine, katika uchochoro ule ule. Mtunzi atakayeandika juu ya Kibera kana kwamba kila mtu yu safarini atakuwa amemwibia mtu makaburi yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Nairobi Half Life yaeleza vizuri jinsi jiji linavyompokea asiye na mtu, lakini wengi wana mtu. Kill Me Quick yaeleza aibu ya kurudi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Going Down River Road yatangulia zote kwa ukweli wa kamba, ila iliwanyima wanawake ulimi. Soul Boy yatukumbusha kwamba mtoto wa mhamiaji si mhamiaji.

Nawe mwanafunzi, kama utaondoka kwenu siku moja, na wengi wenu mtaondoka, soma hadithi hizi kama mtu aulizaye njia. Usitishwe na wezi wa kituoni tu. Uliza ni nani atakayekufungulia mlango, na utamlipa nini. Uliza ni nani anayekungoja nyuma, na utamwendea na uso gani siku utakapokuwa huna kitu. Kama utashika kalamu, kuna hadithi inayongoja: ya mwanamke aliyefunga mizigo yake, akawashika watoto mkono, akapanda basi kumfuata mume aliyenyamaza. Ningependa kuisoma hiyo kwa Kiswahili, ikianzia shamba, siku ya kuaga.