Zamu na Orodha: Maneno ya Mchezo wa Kupanga Kikosi Katika Pwani ya Kusini

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili, rosta na drafti, ambayo yameingia katika mazungumzo ya vijana wetu pamoja na michezo ya kuigiza ligi. Katika michezo hiyo mtu hukaa na karatasi yake, au siku hizi simu yake, akajifanya meneja: huteua wachezaji, huwapanga, huwaweka akiba na huwaondoa, na timu yake hushinda au hushindwa kwa hesabu. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili halina nafasi katika jarida la lugha. Lakini hapa hapana mpira unaopigwa wala jasho linalotoka. Pana majina, orodha na kanuni, basi. Mchezo uliojengwa kwa maneno peke yake ni shamba la mhakiki sawasawa na utendi.

Historia yake tuipitie haraka. Asili ya michezo hii ni besiboli ya Marekani. Mwaka 1961 Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu ambamo kila mchezaji wa kweli ana kadi inayobeba takwimu zake. Mwaka 1965 timu kubwa za besiboli zenyewe zilianza kugawana vijana wapya kwa zamu, timu dhaifu ikitangulia kuchagua. Mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha ligi ya mezani iliyowapata wachezaji wake kwa mnada. Besiboli yenyewe ni ngeni katika sehemu nyingi za kwetu, ingawa watoto wa Uganda walifika katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2012. Umbo la mchezo limetufikia kwa njia ya kandanda, na wafuasi wa Ligi Kuu ya Uingereza hawakosekani Ukunda, Msambweni wala Lunga Lunga. Mchezo rasmi wa ligi hiyo humpa mshiriki milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15. Tangu 2017 ipo aina ya pili isiyo na fedha: washiriki huchagua kwa zamu, aliyekuwa wa mwisho katika duru ya kwanza huwa wa kwanza katika duru ya pili, na mchezaji aliyekwisha kuchukuliwa na mmoja hawezi kuwa wa mwingine katika kundi lile.

Tofauti ya aina hizi mbili si ndogo. Katika ile ya kwanza mshambuliaji mmoja anaweza kumilikiwa na mamilioni ya watu, kwa hiyo jina lake ni bidhaa tu. Katika ya pili, anayemchukua amemnyima jirani yake. Na akimwacha, jirani huyo yupo anangoja. Hapo ndipo jina linapoanza kuwa na kisa.

Tuje katika istilahi. Neno drafti haliwezi kutumika bila utatanishi, kwa maana kiti chake kimekwisha kukaliwa: kwa watu wetu drafti ni mchezo wa ubao unaochezwa kwa vifuniko vya soda. Mashine za kutafsiri nazo hupenda kutuletea rasimu, neno ambalo Wakenya walilizoea katika miaka ya kubishania katiba, na kijana akiambiwa kwamba kesho pana "rasimu ya wachezaji" atadhani wachezaji wanatungiwa sheria. Usajili, ambao magazeti yanaupenda, una kasoro nyingine: anayesajiliwa hutia sahihi, na kwa hiyo neno lina ridhaa ndani yake, anayechaguliwa katika mchezo huu haulizwi lolote. Mchujo ni wa wagombea, nao hutazama wanaotoka badala ya wanaoingia. Mimi napendekeza uteuzi wa zamu. Watoto wanaocheza mpira mchangani Diani maji yanapokupwa hawahitaji kufafanuliwa jambo hili: manahodha wawili husimama, huyu akachagua mmoja na yule mmoja, hata abaki yule asiyetakiwa na upande wowote.

Kwa rosta mambo ni mazito zaidi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Wafasiri wa mchezo wangetaka tuseme orodha au kikosi, na katika Nairobi huenda maneno hayo yakatosha. Lakini Diani rosta ni neno la kazi. Ni ile karatasi inayobandikwa katika mlango wa nyuma wa hoteli, yenye majina upande mmoja na siku za juma upande wa pili: nani ana zamu ya asubuhi, nani ya usiku, nani yuko ofu. Mhudumu, mpishi, dobi na mlinzi huisoma karatasi hiyo kabla ya kusoma gazeti lolote. Masika yanapoingia na wageni wakapungua, majina hupungua vilevile, na kwa kibarua asiye na mkataba wa kudumu kukosa jina katika rosta ni kukosa unga. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozifunga hoteli za ufuo ule, karatasi zenyewe ziliondoka mlangoni.

Basi tazama jinsi neno zamu linavyofanya kazi pande zote mbili. Katika mchezo zamu ni haki ya meneja: ni nafasi yake ya kuchagua. Katika hoteli zamu ni jambo analopangiwa mtu na mwingine. Kijana yule yule anayetoka kusoma jina lake katika karatasi ya msimamizi hukaa jioni akapanga majina ya watu kumi na watano katika simu. Asubuhi amepangwa, jioni anapanga. Sidhani kwamba lugha ya Kiingereza, ambayo huziita zamu hizo mbili kwa majina mbalimbali, ingemwonyesha jambo hilo kwa wepesi huu.

Kazi ya fasihi iliyolitazama jambo hili kwa kina kuliko zote ninazozifahamu ni riwaya ya Robert Coover (1932–2024), The Universal Baseball Association, Inc., J. Henry Waugh, Prop., iliyotolewa mwaka 1968. Waugh ni mhasibu wa makamo anayekaa peke yake. Usiku, juu ya meza ya jikoni, huendesha ligi nzima ya besiboli aliyoibuni mwenyewe kwa dadu tatu. Wachezaji wake huzeeka, hustaafu na hufa. Wapya huingia, na baadhi yao ni wana wa waliotangulia. Yeye huwapa majina kwa uangalifu mkubwa, akiamini kwamba jina huzaa tabia, na huandika historia yao katika daftari baada ya daftari.

Wahakiki wa Marekani, nami niliwasoma nilipokuwa mwanafunzi huko, wamejishughulisha mno na herufi za jina lake, ambazo hukumbusha jina la Mungu kwa Kiebrania, na wakaigeuza riwaya kuwa fumbo la Muumba na viumbe wake. Maudhui hayo yamo, sikatai. Lakini kwa kuyashikilia wamemsahau Zifferblatt, bosi wa Waugh, anayemkodolea saa ofisini na kumkaripia kwa kuchelewa. Mungu hana bosi. Mwenye orodha huyu ni jina katika orodha ya mtu mwingine, na utamu wa ligi yake hauelewi mtu asiyewahi kuandikwa zamu. Msomaji wa Ukunda ataliona hilo mapema kuliko profesa wa theolojia.

Kiini cha kisa ni kifo. Damon Rutherford, kijana anayependwa na Waugh kuliko wote, anauawa na mpira uliorushwa na Jock Casey, kwa kuwa dadu zimeanguka hivyo na jedwali limesema hivyo. Kanuni ni kanuni; Waugh hana budi kuandika. Baadaye, Casey akiwa uwanjani, dadu zinakataa kutoa hukumu anayoitamani, naye kwa mkono wake mwenyewe anaigeuza dadu moja ili Casey afe. Kifani hapo ndipo penye nguvu ya riwaya yote. Tangu mwanzo tumezoea kitenzi kutupa: dadu hutupwa, na yanayofuata hayana mtendaji. Ghafla pana mkono. Katika sura ya mwisho wachezaji wanaishi vizazi vingi baadaye na kulifanya tukio lile kuwa ibada, na Waugh haonekani kabisa.

Hapa kulinganisha na bao kunasaidia kidogo, si sana. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akaziingiza moja moja kwa zamu wakati wa namua, hata akiba imalizike na mtaji uanze. Na kete iliyoliwa humtumikia aliyeila. Hiyo nayo ni elimu ya kutunza kikosi. Lakini kete haina jina, na hakuna aliyewahi kuomboleza kete.

Linabaki suala la kitenzi cha kumwondoa mchezaji katika orodha. Vijana husema kumtupa, na Kiswahili kwa bahati kimeweka dadu na mtu chini ya kitenzi kimoja, jambo ambalo Coover angelifurahia. Wengine husema kumuuza, hata katika uteuzi wa zamu ambamo hamna shilingi inayopita. Hayo ni mazoea ya ule mchezo wa mamilioni. Lipo pia neno la upole linalozidi kusikika katika habari za michezo na za kazi, kupumzishwa: mchezaji amepumzishwa, kocha amepumzishwa, wafanyakazi kadhaa wamepumzishwa. Hili nalipinga. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtendaji atajwe, lakini katika matumizi haya hatajwi kamwe, na aliyenyimwa kazi anasimuliwa kama aliyepewa nafasi ya kulala. Kwa mchezo wetu napendelea kumwacha, katika kauli ya kutenda na pamoja na kiambishi cha nafsi: nimemwacha, umemwacha, amemwacha. Ni kitenzi cha kawaida, kila mtu kutoka Tiwi hadi Vanga anacho, na hakiwezi kusemwa hivyo bila mtu kuonekana aliyeacha.