Kwa Nini Msafara wa Thomas Ulilala Usiku

Wengi wakiufikiria msafara wa ngamia jangwani huuona ukienda usiku. Jua limezama, mchanga umepoa, nyota zinaonyesha njia, na watu waliojibanza kivulini mchana kutwa sasa wako juu ya matandiko. Picha hiyo si ya uongo, kwani iko misafara iliyokwenda hivyo. Lakini safari mojawapo iliyoandikwa kwa makini sana katika historia ya majangwa haikufuata mtindo huo. Bertram Thomas, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani Taimur bin Feisal wa Maskati, aliondoka Salalah tarehe 10 Desemba 1930 na kuingia Doha tarehe 5 Februari 1931. Akawa Mzungu wa kwanza kujulikana kuvuka Rub al-Khali, jangwa kuu la mchanga la Uarabuni. Walioiwezesha safari hiyo ni Mabedui wa kabila la Rashid, chini ya Sheikh Salih bin Kalut, na kwa kawaida walitembea mchana na kulala usiku. Nashikilia kwamba uamuzi huo ndio uliobeba safari nzima, na kwamba kilichouamua ni malisho, kabla ya jua na kabla ya maji. Anayetaka kuelewa jinsi jangwa linavyovukwa kwa ngamia aanze kuuliza mnyama atakula saa ngapi. Mengine yote, hata saa ya watu kulala, hufuata hapo.

Tuanze na hesabu. Kutoka Salalah hadi Doha kwa njia ile ni takriban kilomita 1,300, na siku zilizotumika ni 57. Huo ni wastani wa kilomita 23 kwa siku, tukihesabu pamoja na siku za kusimama. Ngamia mwenye mzigo, asipoharakishwa, huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kwa hiyo, ukizisawazisha siku zote, mwendo wenyewe ulichukua kama saa 5 tu kati ya 24. Ingekuwa maji ndiyo kipimo cha kila kitu, kwenda taratibu namna hiyo kungekuwa wazimu, maana kila saa ya kusimama ni saa ya kuendelea kupunguza viriba. Ila wenye ngamia hawakuwa wakipoteza muda. Walipokuta vichaka vibichi waliwashusha wanyama mizigo, wakawafunga miguu ya mbele kwa kamba fupi ili wasipotee mbali, wakawaacha wale. Hata njiani ngamia alikuwa akidaka tawi huku na huku, jambo ambalo gizani hulifanya kwa shida. Jua likizama hukusanywa, hupigishwa magoti karibu na moto, na usiku unakuwa wa kucheua. Chakula cha ngamia hakijawa chakula mpaka kimerudi mdomoni na kutafunwa upya, na kazi hiyo inataka saa nyingi za utulivu. Ukimnyima mnyama saa hizo umemnyima nusu ya mlo wake, hata kama mchana ulimwacha ale mpaka akatosheka.

Robo karne baadaye sayansi ilieleza upande mwingine wa usiku huo. Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa fiziolojia mzaliwa wa Norwei, alikwenda na wenzake Béni Abbès, nchini Algeria, mwaka 1953 na 1954, wakapima joto la ngamia, uzito wao na maji waliyopoteza. Walikuta kwamba ngamia aliyekosa maji huacha joto la mwili wake lipande mchana: alfajiri linaweza kuwa nyuzi 34, na kufika alasiri limepita 40. Mnyama wa kilo 500 akiliacha lipande kwa nyuzi 6 huokoa karibu lita 5 za maji ambazo angezitoa kwa jasho. Joto lililorundikwa mchana hutoka usiku, kwenye hewa baridi na chini ya anga lisilo na mawingu, bila maji kupotea. Usiku basi unaingia katika hesabu ya maji ya ngamia kama vile kisima kinavyoingia. Anayetembezwa usiku kucha chini ya mzigo huzalisha joto jipya la misuli katika saa zilezile ambazo mwili wake ungekuwa unalitoa la mchana. Sisemi kwamba hilo pekee linakataza mwendo wa usiku. Wakati wa joto kali, mwendo wa mchana una gharama kubwa zaidi. Lakini Thomas aliondoka Desemba, msimu ambao mchana wa Rub al-Khali unavumilika na usiku ni wa baridi kweli, na ndani ya msimu huo mgawanyo wa Warashid ulimpa ngamia pande zote mbili: mchana wa kula na kutembea, usiku wa kupoa na kucheua.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema kwamba jangwani mtu hufa kwa kiu kabla ya njaa, kwamba njia za misafara hupita kisima kwa kisima, na kwamba kuyaweka malisho mbele ya maji ni kugeuza mambo. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kwa msafara wa Rub al-Khali linapungua nguvu, kwa sababu maji na malisho yanakutana ndani ya mwili wa ngamia. Wakati wa baridi, ngamia anayekula majani mabichi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kunywa, kwa kuwa maji yamo katika majani. Visima vya kule, tena, vingi ni vya maji ya chumvi ambayo ngamia huyanywa na binadamu huyashindwa. Thomas na wenzake kwa siku nyingi waliishi kwa maziwa. Hii ndiyo sababu ya Mabedui wa kusini mwa Uarabuni kupanda majike: anayembeba mtu ndiye pia anayemnywesha. Jike asiyekula hukauka maziwa, na akikauka, watu wanarudi kwenye viriba vyenye maji yasiyonyweka vizuri. Kiu yao inaanzia kwenye kichaka kilichokauka, siku kadhaa kabla ya koo kukauka.

Miaka kumi na sita baada ya Thomas, msafiri Wilfred Thesiger alipita Rub al-Khali, akitumwa na kitengo cha kupambana na nzige. Ajira hiyo ilifaa kuliko alivyoweza kupanga mtu, kwani nzige na ngamia hufuata kitu kimoja: mahali mvua iliponyesha. Kutoka Khaur bin Atarit hadi kisima cha Khaba, karibu na Liwa, kundi lake dogo lilikwenda siku 14. Wenzake wengi wa kabila la Bait Kathir walikuwa wamegeuka, na katika mabishano yao hali ya ngamia ilikuwa na uzito mkubwa. Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wasiopanda ngamia hulisahau. Nundu ni mafuta, na mnyama mwenye njaa huyala mafuta hayo. Nundu ikisinyaa, tandiko lililomkaa vizuri wiki iliyopita sasa linacheza, linasugua, linachubua. Kidonda cha mgongo humwondoa ngamia kazini hata kama kisima kiko mbele yake.

Pingamizi la pili linatoka kwa shahidi ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliivuka Sahara kutoka Sijilmasa mwaka 1352 kwenda Walata kupitia machimbo ya chumvi ya Taghaza. Katika kipande cha mwisho, anaeleza, waliondoka baada ya sala ya alasiri, wakatembea usiku kucha, wakatua asubuhi. Je, huu si ushahidi kwamba usiku ndio wakati wa msafara? Ungekuwa, kama asingetuachia maelezo ya kipande kilichotangulia. Mara baada ya Taghaza kuna jangwa la siku kumi ambalo kwa kawaida halina maji, ila mwaka ule mvua ilikuwa imeacha madimbwi. Humo yeye na wenzake waliutangulia msafara, na walipopata mahali pa malisho waliwachunga wanyama wao. Kisha walisimama siku tatu Tasarahla kutengeneza viriba, wakamtuma mjumbe mbele kwenda Walata ili watu waje kuwalaki na maji, na baada ya hapo ndipo joto likazidi na mwendo wa usiku ukaanza. Msafara ni uleule, ngamia ni walewale, na majuma machache yanatenganisha mitindo miwili. Penye malisho walisimama mchana kulisha. Pasipo na kitu cha kusubiri, tena penye joto la kuua, walikimbia usiku na kutegemea maji ya watu wa mbele. Usiku ulikuwa njia ya dharura, nao waliitumia pale ilipowalazimu.

Mfano wa tatu unalipima dai langu kwa ukali zaidi. Harry St John Philby, Mwingereza aliyekuwa karibu na Mfalme Ibn Saud, aliingia Rub al-Khali mwaka 1932 kutoka kaskazini. Jaribio lake la kwanza la kwenda magharibi lilishindikana: ngamia wa mizigo walilegea, msafara ukarudi. Akaipunguza mizigo, akaurudisha msafara mkubwa nyumbani, kisha na kundi dogo akaondoka Naifa tarehe 5 Machi na kufika Sulaiyil tarehe 14 Machi. Hizo ni takriban kilomita 600 bila maji. Ukigawa, ni kilomita 60 na zaidi kwa siku, na kwa kasi ya ngamia ni kama saa 13 za mwendo. Machi haina mchana wa saa 13. Lazima mwendo uliingia gizani. Basi inawezekana kuvuka bila kulisha? Ndiyo, kwa siku kumi, kwa wanyama waliochaguliwa, wakiwa na mizigo michache, na kwa kuchoma mafuta yaliyowekwa mwilini kwenye malisho ya nyuma. Philby alifaulu, na ustahimilivu wa kundi lake unastahili heshima. Lakini mbinu yake haikurefushika. Kwa kasi hiyo ngamia wale wasingefika Doha kutoka Salalah, wala hakuna Bedui ambaye angekubali kuwapeleka hivyo, kwa sababu ngamia ndio mali yake yote na mwakani atawahitaji tena.

Ndiyo maana Thomas alikubali kufanya jambo ambalo wasafiri wa aina yake walilichukia: kusubiri. Alikaa Dhofar wiki nyingi mpaka Warashid wakaja, kisha njiani akabadilisha ngamia na wachungaji kulingana na nani alikuwa na wanyama wenye nguvu na nani alijua mvua imenyesha wapi. Alipofika Shanna alipunguza watu na mizigo kabla ya kuelekea kaskazini. Yeye mwenyewe usiku alikuwa akipima nyota ili ajue yuko wapi kwenye ramani. Warashid hawakuhitaji kipimo hicho kwa kuongoza, kwani walijua lililo kubwa zaidi, yaani bonde lipi lina majani mwaka huu. Safari iliyorudia njia hiyo kutoka Salalah, ya Mark Evans na Waomani wawili, Mohamed Al Zadjali na Amour Al Wahaibi, ilianza 10 Desemba 2015 na kufika Doha 27 Januari 2016. Nao waliuheshimu msimu.

Leo watu wengi hukutana na suala hili la saa za ngamia katika safari ya usiku mmoja, kwa mfano kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiya huko Oman, kutokea Bidiyah. Ni eneo lenye undugu wa muda mrefu na Zanzibar, na si ajabu kusikia Kiswahili kambini. Mtu anaweza kusema kwamba hesabu za malisho hazihusu matembezi ya saa mbili jioni na mbili asubuhi, kwa kuwa ngamia atapewa majani makavu zizini. Kwa mgeni anayekuja mara moja, ni kweli. Kwa ngamia anayetoka kila jioni msimu mzima, kila saa ya kucheua iliyokatwa inajumlishwa na ya jana. Na Sharqiya ina jambo lake: unyevu wa bahari ya Arabu huingia usiku kama ukungu na umande, na utafiti wa Royal Geographical Society wa 1985 na 1986 ulionyesha jinsi mimea ya humo inavyofaidika nao. Saa ambayo majani yana maji mengi kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kupanda, na hiyo ndiyo saa ambayo wageni huwataka ngamia wapigishwe magoti, wafungwe matandiko, wapelekwe kileleni kwa ajili ya picha.

Utaratibu wenye akili ni rahisi kuupanga. Waliolala kambini wapande kilima kwa miguu kutazama macheo. Ngamia, wakiwa na kamba fupi za miguu ya mbele, waachwe kwenye vichaka na chini ya miti ya ghafu tangu alfajiri, na matandiko yafungwe saa mbili au saa mbili na nusu asubuhi, wakati hewa ya Desemba bado ni baridi. Kuanzia Mei hadi Septemba safari kama hiyo isiuzwe kabisa, maana mchana wa miezi hiyo ungewalazimisha watembee usiku, na wakirudi zizini wamebaki na saa chache mno za kupoa kabla jua halijapanda tena.