Damu, Malezi na Sababu za Msimulizi

Swali la iwapo matamanio ya kimapenzi ya mtu mzima huzaliwa naye au hufinyangwa na mazingira limezoeleka kuachiwa wanabiolojia. Hata hivyo, uhakiki wetu hulijibu kila siku, tena kwa wepesi unaotia shaka. Methali zenyewe zimetuponza: tunayo “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”, na tunayo “mtoto wa nyoka ni nyoka”. Mhakiki huchukua ile inayomfaa.

Tuitazame Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Usomaji uliozoeleka ni kwamba Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles. Binti anakua akiwaogopa wanaume. Kisha, afikapo chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba, anajitosa katika mahusiano yanayomwangamiza. Kwa hivyo, inasemekana, malezi ndiyo chanzo. Usomaji huu hauna budi kuheshimiwa, maana mwandishi mwenyewe anatuelekeza huko. Lakini unachanganya mambo mawili: tendo na tamaa. Ukali wa Zakaria waweza kueleza kwa nini Rosa hakufunzwa kukubali wala kukataa. Hauelezi Rosa alitamani nini. Kuhusu hilo riwaya inasema machache mno, na ni mhakiki anayeujaza ukimya huo.

Upande wa damu nao una mtetezi wake mkuu, Émile Zola wa Ufaransa, ambaye mwaka 1880 alidai kwamba riwaya yaweza kuendeshwa kama jaribio la kisayansi. Katika La Bête humaine (1890), dereva wa treni Jacques Lantier hawezi kumtamani mwanamke bila kutamani kumuua, na msimulizi anaihusisha hali hiyo na vizazi vya walevi vilivyomtangulia. Hoja inaonekana kamili hadi tuirudie L'Assommoir (1877). Humo Gervaise, mama yake Jacques, anafika Paris na wana wawili tu, Claude na Étienne. Jacques hayupo! Aliongezwa katika ukoo miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa Étienne, aliyekusudiwa hapo awali kuwa muuaji huyo, alikwisha kutumiwa katika Germinal (1885). Jaribio gani hili ambalo mtafiti hujizalia kielelezo baada ya kuandika matokeo? Urithi wa Jacques ni hitaji la msuko lililovikwa joho la tiba.

Sayansi yenyewe imekuwa na tahadhari kuliko Zola. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliochunguza takriban watu nusu milioni wenye asili ya Ulaya, haukupata jeni moja inayoamua mapenzi ya jinsia moja. Tofauti za kijeni kwa jumla zilikadiriwa kueleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti za mwenendo huo, na hazikuweza kumtabiria mtu mmoja mmoja. Isitoshe, kilichopimwa kilikuwa tendo: kama mtu aliwahi kushiriki au la. Yaani hata maabara, kama mhakiki wa Rosa, ilipitia kwenye tendo ili kuifikia tamaa. Wala asilimia zilizobaki si ushahidi wa malezi. Katika hizo mna mengi yasiyojulikana, na hakuna anayeruhusiwa kuzikabidhi kwa wazazi kwa kukisia tu.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya riwaya ya Kezilahabi inastahili kusomwa upya. Baada ya kifo, Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, na mtoto anamshtaki mzazi. Hapo kinachobishaniwa ni lawama. Kwa lawama, malezi yana uzito hata pale ambapo hayakuwa sababu: kipigo cha Zakaria kingebaki kuwa dhuluma hata kama Rosa angekua mtawa. Mhakiki anayetaka kwanza kuthibitisha kwamba kipigo kile ndicho kilichozaa tamaa za binti, ndipo amhukumu baba, amempa Zakaria wakili ambaye riwaya haikumpa.