Kizuri Chajiuza? Uhakiki wa Kufifia kwa Jina la Campagnolo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeiandika katika mitihani tangu shule ya sekondari, na mara nyingi tulipata alama kwa kuitolea mifano inayoikubali. Katika insha hii nataka kuipima kwa mfano unaoipinga. Mfano wenyewe unatoka mbali, katika mji wa Vicenza, kaskazini mwa Italia, kwenye kampuni ya Campagnolo inayotengeneza gia, breki na magurudumu ya baiskeli za mashindano. Kwa miongo mingi jina hilo lilikuwa kilele cha mchezo wa baiskeli barabarani. Hadi leo vifaa vyake vinasifiwa hata na watu wasiovitumia, lakini baiskeli zinazovibeba zimepungua sana. Inakuwaje kitu kizuri kikose wanunuzi bila kuwa kibaya?

Sisi tunaosoma Rwanda tuna sababu ya karibu ya kuuliza swali hili. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Bingwa wa mbio za wanaume, Tadej Pogačar wa Slovenia, alipanda baiskeli ya Colnago, jina kubwa la Kiitaliano. Lakini gia na breki za baiskeli hiyo zilikuwa za Shimano kutoka Japani. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2021, mwanamichezo huyohuyo alishinda Tour de France juu ya Colnago yenye vifaa vya Campagnolo. Timu yake ilibadilisha vifaa mwaka 2023. Waliosimama kando ya barabara ya mawe ya Kimihurura waliona fremu ya Italia ikisukumwa na gia za Japani, na wengi wetu hatukujua kwamba tulikuwa tunatazama mwisho wa ndoa ya zamani sana.

Ili kuelewa kilichopotea, turudi kwenye chanzo. Tullio Campagnolo alizaliwa Vicenza mwaka 1901, akawa mwendesha baiskeli wa mashindano. Simulizi inayopendwa na kampuni inasema kwamba Novemba 1927, akipanda mlima wa Croce d'Aune katika baridi kali, alitaka kufungua gurudumu la nyuma ili aligeuze. Siku hizo kubadili gia kulimaanisha kushuka, kulegeza nati zenye masikio, kuligeuza gurudumu na kulifunga tena. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, nati zikakataa kulegea, na wenzake wakampita. Kutokana na adha hiyo alibuni mkono mdogo wa kufungia gurudumu, unaofunguka kwa kusukumwa mara moja tu. Mwaka 1933 akaanzisha kampuni yake. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi kidogo, kama zilivyo simulizi nyingi za waanzilishi, kifaa chenyewe hakina shaka. Kilienea duniani kote, hata kwenye baiskeli za bei ndogo ambazo wenyewe hawajawahi kulisikia jina la Tullio.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaja gia ya nyuma iliyoitwa Gran Sport, na umbo lake likawa msingi wa gia nyingi zilizofuata. Eddy Merckx wa Ubelgiji, ambaye wengi humhesabu kuwa mwendesha baiskeli mkuu kuliko wote, alitumia vifaa vya Campagnolo. Miguel Indurain wa Hispania alishinda Tour de France mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995, akiwa na vifaa hivyo. Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921, ililazimika kusubiri hadi 1999 kumwona mtu akifika Paris wa kwanza kwa gia zake, naye alikuwa Lance Armstrong, ambaye ushindi wake ulikuja kufutwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Basi anguko lilianzia wapi? Maelezo ya kwanza yanayotolewa ni kuchelewa. Mwaka 1984 Shimano ilileta gia zinazobadilika kwa mlio: ukisukuma mkono wa gia ukasikia "ta", ujue umehama hatua moja kamili. Kabla ya hapo mwendeshaji alitafuta mahali pa gia kwa kuhisi tu. Campagnolo ilijibu kwa mfumo ambao haukufanya kazi vizuri. Mwaka 1990 Shimano iliunganisha gia na mkono wa breki, na Campagnolo ikafuata 1992. Gia za umeme za Shimano zilifika sokoni mwaka 2009, za Campagnolo mwaka 2011. Kampuni ya Marekani, SRAM, ilileta gia za umeme zisizo na waya mwaka 2015; Campagnolo ilifika huko mwaka 2023. Mtu anayependa methali angetamka hapa kwamba chelewachelewa utakuta mwana si wako, akaweka kalamu chini.

Mimi nadhani maelezo hayo hayatoshi. Campagnolo haikuwa kampuni ya kulala. Ndiyo iliyotangulia kuleta gia za hatua 11 kwenye baiskeli za barabarani, mwaka 2008, na ikatangulia tena kwa hatua 12 mwaka 2018. Kampuni inayotangulia katika jambo moja na kuchelewa katika jingine ni kampuni ya kawaida. Zaidi ya hayo, kuchelewa miaka miwili hakuwezi kueleza kwa nini mwaka 2024 hapakuwa na hata timu moja ya wanaume ya daraja la juu duniani iliyotumia vifaa vyake. Timu ya Ufaransa ya Cofidis ilivirudia mwaka 2025, lakini timu moja si kundi.

Kwa maoni yangu tatizo kubwa ni ngazi. Shimano ina ngazi ndefu ya seti za gia na breki. Kwa miaka mingi chini kabisa kumekuwa na Claris na Sora, katikati Tiagra na 105, na juu Ultegra na Dura-Ace. Kijana anayeanza mchezo hununua baiskeli ya bei anayoimudu, vidole vyake vinazoea namna ya kubadili gia, na kila anapopata fedha kidogo anapanda kidato kimoja. Akifika juu, hajabadilisha mazoea yake. Campagnolo nayo iliwahi kuwa na vidato vya chini, kama vile Veloce, lakini ikaviacha na kuweka nguvu zake juu. Katika baiskeli za milimani ilijaribu, kisha ikajiondoa katika miaka ya 1990, wakati ambapo vijana wengi walikuwa wakiufahamu mchezo kupitia baiskeli hizo. Seti yake ya Super Record isiyo na waya ilipotoka mwaka 2023, bei yake ilizidi euro 5,000, na hiyo ni kabla ya kununua fremu. Aliye chini anatazama juu na kuona dari bila ngazi.

Hapa ndipo methali yetu inapoanza kuyumba. Kizuri kinawezaje kujiuza mahali ambapo hakipo? Watu wengi hawanunui gia. Wananunua baiskeli nzima, na mtengenezaji wa baiskeli, awe Giant ya Taiwan au Trek ya Marekani, ameshachagua gia tangu kiwandani. Mtengenezaji huyo anataka mzigo mkubwa, wa bei tofauti tofauti, unaofika kwa wakati. Kampuni yenye ngazi ndefu inampa yote hayo katika oda moja. Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida hakuikataa Campagnolo. Hakupata nafasi ya kukutana nayo. Methali inadhani kwamba soko ni kama gulio la kijijini, ambapo nyanya nzuri na nyanya mbovu zimepangwa kwenye mkeka mmoja na jicho la mteja ndilo linaloamua. Soko la leo limejaa milango, na nyuma ya kila mlango yupo mtu aliyekwisha kuchagua kwa niaba yako.

Jambo la pili ni vipuri. Kitu cha kuendeshwa huishi pale kipuri chake kinapopatikana. Vifaa vya Campagnolo kwa muda mrefu vimekuwa na vipimo vyake. Hata sehemu ya gurudumu la nyuma inayobeba meno ina umbo lake la pekee, ambalo meno ya Shimano hayaingii. Kila kampuni inapenda kumfunga mteja kwa namna hiyo, lakini kumfunga mteja ni mchezo unaomfaa mwenye wateja wengi. Kwa mwenye wateja wachache, ukuta uleule unawazuia walio nje wasiingie. Fundi mwenye karakana ndogo, awe Musanze au Marseille, hujaza rafu yake kwa vitu vinavyoulizwa kila siku. Mteja naye huuliza vitu ambavyo fundi anavyo. Mzunguko huo ukishaanza, uzuri wa kifaa hauna nguvu ya kuuvunja. Tangu mwaka 2021 hata magari ya msaada kwa waendeshaji wote katika Tour de France ni ya Shimano.

Jambo la tatu linahusu wale waliobaki waaminifu. Kwa miaka mingi mtu aliitambua Campagnolo kwa dole gumba: kulikuwa na kitufe kidogo upande wa ndani wa mkono wa breki, kilichobonyezwa kwa dole hilo ili kuhamisha gia. Wapenzi wake walikitetea kama watu wanavyotetea lafudhi ya kwao. Mwaka 2023, ilipotoa seti isiyo na waya, kampuni ilikiondoa kitufe hicho. Mwaka 2025, katika seti mpya ya hatua 13, ikakirudisha. Kosa hili naliona dogo kwa upande wa ufundi na kubwa kwa upande wa maana. Jina lililopoteza wageni lilihitaji kuwashika wenyeji, nalo likawafuta wenyeji alama yao ili lifanane na wale ambao haliwezi kuwashinda kwa wingi.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kampuni kubwa zina fedha nyingi za udhamini, na timu huenda kwenye fedha. Ni kweli, na sitaki kujifanya kwamba ushindani huu ulikuwa wa haki. Hata hivyo fedha hizo zilitoka wapi, kama si kwa maelfu ya watu waliokuwa kwenye vidato vya chini vya ngazi? Hoja ya pili ni kwamba bidhaa ya heshima haikusudiwi kuwa ya kila mtu, na kwamba Ferrari haijawahi kuhangaika kwa sababu si kila dereva anayo. Hoja hii inavutia lakini inasahau jambo moja. Ferrari inaweza kukaa gereji ikapigwa picha na bado ikaheshimiwa. Heshima ya Campagnolo haikutoka kwenye uhaba wake. Ilitoka kwa watu waliopanda milima wakiwa na vidole vilivyokufa ganzi, na kifaa chake cha kwanza kilipendwa kwa sababu kilimtatulia shida kila mwendeshaji, tajiri na maskini. Kampuni iliyoanza kwa kufungua kilichokuwa kigumu kufunguka imekaribia kumaliza karne kwa kujifungia ghorofa ya juu.

Nasema haya bila furaha. Mwishoni mwa mwaka 2025 zilitoka habari za mpango wa kupunguza wafanyakazi zaidi ya 100 huko Vicenza. Hao ni mafundi ambao ujuzi wao haupatikani kwa kusoma kijitabu cha maelekezo, na wengi wao hawakushiriki katika uamuzi wa kukata vidato vya chini. Jina likififia, mwenye kupenda mambo ya kale hupoteza kumbukumbu, lakini fundi hupoteza mshahara.

Tuirudie methali. Sipendekezi tuifute katika vitabu. Napendekeza tuifundishe pamoja na nyingine inayoisahihisha: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanaofundisha methali hii ya pili kwa kawaida humwelekezea mnunuzi au mwanafunzi, yule anayehitaji. Mfano wa Campagnolo unaonyesha kwamba hata muuzaji wa kitu bora kabisa ana mvungu wake. Wateja wake wa kesho wako chini, juu ya baiskeli za bei nafuu, katika nchi ambazo hajazitembelea, na mikono yao tayari inazoea gia za mtu mwingine. Kwa hiyo nitakapotaka kujua kama jina hili litapona, sitaitazama seti ya juu itakayotoka mwakani wala kuhesabu hatua zake. Nitaangalia kama kampuni hiyo itatengeneza tena seti ambayo kijana anayeanza anaweza kuinunua.